Biblia ipi kwa somo la moyo? Union Version na Habari Njema kwa vikundi vya Unguja na Pemba

Kikundi kinachotaka kusoma Wagalatia pamoja na Mathayo 6 na 23, ili kijue tofauti ya imani inayomgeuza mtu ndani na dini ya kushika masharti, kiwe na Biblia mbili mezani, tafsiri mbili za Kiswahili. Habari Njema isomwe kwanza kwa sauti. Union Version ifuate, polepole, neno kwa neno. Kila moja ina mahali inapompoteza msomaji, na mahali penyewe ni palepale ambapo mtu wa Zanzibar, aliyelelewa kati ya adhana na kengele, husikia neno kwa sikio la mtaani kwake.

Union Version ni ya mwaka 1952. Ilizaliwa kwa kuunganisha Kiswahili cha Biblia ya Mombasa na kile cha Unguja, na upande wa Unguja mzizi wake ni kazi ya Askofu Edward Steere, aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na kuzikwa mwaka 1882 nyuma ya madhabahu ya Kanisa la Mkunazini. Ndiyo maana msomaji wa visiwani hukutana humo na vitu vya jikoni kwao. Mathayo 23:25 inasema Mafarisayo husafisha "nje ya kikombe na chano". Mtu wa bara huenda akauliza chano ni nini. Kwa bibi wa Makunduchi au Micheweni, chano kipo ukutani. Tena aya 23 ina mnanaa, bizari na jira, vitu vya kununua sokoni Darajani kwa vifungu vidogo, na hapo picha hukaa sawa: mtu anayepima zaka ya jira, mbegu kwa mbegu, huku ameacha "adili, na rehema, na imani". Bizari ndiyo inayohitaji neno moja la maelezo. Darajani ukitaja bizari utaulizwa ipi, na mawazo ya wengi hukimbilia ya manjano au ya mchuzi. Mmea uliotajwa na Mathayo ni mwingine, wa majani membamba yenye harufu, usiotumika sana katika mapishi ya hapa. Sekunde 30 zinatosha kulisema hilo.

Panapokwama Union Version ni kwenye neno "waandishi". Kwa kijana wa leo mwandishi ni mtu wa gazeti au wa redio, na ukisoma "Ole wenu waandishi" kuna atakayedhani Yesu anawakemea watu wa habari. Habari Njema husema "walimu wa Sheria", na kwa sura hii ni bora bila ubishi. Sura 23 nzima, aya 39, isomwe kwanza humo.

Baada ya hapo kiongozi arudi Union Version kwa aya 27, ya makaburi yaliyopakwa chokaa. Picha hii yataka uangalifu visiwani. Hapa chokaa ni usafi: nyumba hupakwa kabla ya sikukuu, na ukuta mweupe ni heshima ya mwenye nyumba. Katika Yerusalemu ya wakati ule makaburi yalitiwa alama ya chokaa kabla ya Pasaka ili wasafiri wayaone mapema, wasiyaguse wakatiwa unajisi. Chokaa ilikuwa onyo. Msomaji asipoelezwa hili husikia nusu tu ya neno, kwamba nje pazuri na ndani pabaya. Nusu ya pili ni kali zaidi: weupe wenyewe ndio unaotangaza kwamba humu mna kifo. Mafundi wa Mji Mkongwe watauelewa mfano huu upesi, kwa kuwa ukuta wa mawe ya matumbawe ukipigwa plasta ya saruji kwa nje hufungia unyevu ndani, na baada ya misimu kadhaa plasta huvimba na kuanguka na kipande cha ukuta. Tiba ni kubandua saruji, kuuacha ukuta ukauke, kisha kurudisha chokaa inayopumua. Rangi mpya juu yake haisaidii kitu.

Sasa maneno matatu ambayo ndiyo roho ya somo zima. Hapa sitaki haraka.

La kwanza ni nia. Warumi 12:2 katika Union Version: "Wala msiifuatishe namna ya dunia hii, bali mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu." Zanzibar neno hili lina kazi maalumu. Jirani Mwislamu hutia nia kabla ya kufunga na kabla ya kusali, na Mkristo aliyekulia naye amelizoea kwa maana ya kukusudia. Kwa hiyo akiisoma aya hii husikia agizo la kuweka azimio jipya. Jumatano ya Majivu anaazimia kuacha soda, kukesha mara moja kwa juma, kutokosa ibada. Pasaka ikipita, azimio limekwisha na mtu ni yuleyule, ila sasa ana hatia juu yake. Paulo hakumwambia hivyo. Neno lake la Kigiriki ni akili nzima, yaani namna mtu anavyopima mambo, anavyopenda na kuchukia. Na kitenzi "mgeuzwe" ni kilekile kilichotumika Yesu alipogeuka sura mlimani katika Mathayo 17:2. Tena kimo katika hali ya kutendewa: hamjigeuzi, mnageuzwa, na jambo linaendelea siku baada ya siku.

Habari Njema imeliona tatizo hili na kulitatua waziwazi: Mungu "afanye mabadiliko ndani yenu kwa kuzigeuza fikira zenu". Mtendaji ametajwa kwa jina. Hapo tafsiri hii imefanya kazi nzuri sana. Lakini "fikira" nayo ni nyembamba, kwa sababu husikika kama mawazo ya kichwani peke yake, na mtu aweza kukubaliana na hoja zote za Wagalatia akabaki na kijicho chake. Ndipo nasema zisomwe zote mbili. Kiongozi asome Habari Njema, aulize "nani anageuza?", kisha asome Union Version, aulize "kinageuzwa nini?" Maswali hayo mawili yanatosha kwa jioni moja.

La pili ni haki. Union Version husema "kuhesabiwa haki". Mtaani haki ni kitu chako unachodai: haki yangu ya kiwanja, haki ya mfanyakazi. Ni kiapo pia, "haki ya Mungu!" Basi mtu husoma Wagalatia 2:16 akadhani imani inampa dai mbele ya Mungu, kama stakabadhi ya mkononi. Hilo ni kosa kubwa, maana ndilo lililo moyoni mwa Farisayo wa Luka 18, "nafunga mara mbili kwa juma, hutoa zaka katika mapato yangu yote". Huyo alikuwa na stakabadhi zake.

Hata hivyo sitaki Union Version iachwe hapa, kwa sababu ya kitenzi "kuhesabiwa". Kinatoka katika Mwanzo 15:6, nacho ni cha daftari. Kila mwenye duka la mtaa ana daftari la madeni, na kila mnunuzi anajua maana ya jina kuandikwa humo. Ibrahimu alimwamini Mungu, na katika ukurasa wake kikaandikwa kilichokuwa hakimo. Tohara inakuja katika Mwanzo 17, sura mbili baadaye. Hoja nzima ya Paulo imesimama juu ya mfuatano huo: daftari liliandikwa kabla ya sharti kushikwa. Habari Njema husema mtu "hukubaliwa kuwa mwadilifu". Imeondoa mkanganyiko wa neno haki, lakini imepoteza daftari, na imeleta tatizo lake: mwadilifu, kwa Kiswahili cha kila siku, ni mtu mwenye mwenendo safi tayari. Msomaji asiyeongozwa atasema Mungu huwakubali waliokwisha kujinyosha. Dakika tano za kueleza daftari la Ibrahimu zinaponya tafsiri zote mbili.

La tatu ni toba, na hapa tafsiri hazina lawama. Neno lenyewe limechakaa. "Toba yarabi!" husemwa sahani ikianguka. Kwa asili yake ya Kiarabu ni kurudi, mtu aliyepotea njia kugeuka akarejea, na hilo lapatana vizuri na Biblia. Lakini sikio la leo husikia maneno ya kujuta yanayotamkwa. Wakristo wana namna yao ya kulidhoofisha: mtu husoma sala ya toba kwa pamoja na wenzake Jumapili, midomo inakwenda, na Jumatatu deni la jirani halijalipwa. Mathayo 3:8 ndiyo dawa, "zaeni matunda yapasayo toba". Isomwe kila mara neno hili linapotokea, hata kama wanakikundi wataichoka.

Mengine nitayapitia upesi. Kiongozi asipoteze robo saa kutafuta tofauti ya "torati" na "sheria" anapozikuta zote katika Wagalatia 2 na 3 za Union Version: Kigiriki kina neno moja tu hapo. Katika 3:24, "torati imekuwa kiongozi" hupotosha, kwa kuwa kiongozi kwetu ni mkubwa wa chama au wa serikali. Habari Njema ina "mlezi", na hiyo ndiyo picha. Aliyekusudiwa ni mtumwa wa nyumba aliyempeleka mtoto kwa mwalimu na kumwangalia tabia njiani. Yeyote aliyewahi kupelekwa skuli ameshikwa mkono anaelewa, na anaelewa pia kwamba mtu mzima wa miaka 30 hashikwi mkono tena. Yohana 3:3 ya Union Version ni "mara ya pili", Habari Njema ni "upya", na neno la Kigiriki lina pia maana ya "kutoka juu". Lisemwe.

Wagalatia 5:22 yastahili kusimama kidogo. Union Version ina "tunda la Roho", umoja, kama ilivyo katika Kigiriki. Tunda ni moja, lina ladha tisa. Ukigeuza ladha tisa kuwa amri tisa za kutia alama kila wiki, umeirudisha sheria kwa mlango wa nyuma ndani ya sura ileile inayoitoa. Mkarafuu hauamriwi kutoa. Hupandwa mahali pake, husubiriwa miaka, na matawi hayajui kujikaza. Neno la mwisho la orodha, "kiasi", huwachanganya vijana wanaolijua la sokoni, kiasi gani. Maana yake ni kujitawala, kujizuia.

Sasa namna ya kuvitumia vitabu hivi. Wagalatia ina sura 6 na aya 149. Kikao cha kwanza someni yote kwa sauti bila kusimama, katika Habari Njema, wasomaji wawili wakipokezana. Huchukua kama dakika 20 hadi 25. Watu husikia hasira na upendo wa Paulo kwa pamoja, jambo lisilosikika ukikata aya mojamoja. Vikao sita vinavyofuata viwe vya sura moja moja, saa moja na robo kila kimoja, watu sita hadi kumi. Wakizidi hapo, wanaosema ni walewale watatu. Dakika 10 za Habari Njema, 10 za Union Version, 30 za maswali, na zilizobaki ziwe za kimya na sala. Mathayo 6:1–18 iwekwe kati ya Wagalatia 3 na 4, kikao cha pekee, kwa kuwa sadaka, sala na kufunga zimeelezwa humo kwa mpango mmoja: ukifanya ili uonekane, umekwisha kulipwa. Jirani Mwislamu ana neno lake kwa ugonjwa huu, ria, na Mkristo wa hapa analijua. Lisitumike kumnyooshea jirani kidole. Somo ni la waliokaa mezani.

Sura ya 2 ndiyo inayoharibika mara nyingi, kwa sababu tohara si hoja tena visiwani na watu huona habari hii ni ya Wayahudi wa kale. Suluhisho ni aya 11 hadi 14, Petro alipojitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo. Ielezwe kwa sinia. Watu wamezunguka sinia moja la wali, mmoja anainuka taratibu na kwenda kunawa kwa sababu wameingia wageni fulani. Petro hakubadili imani yake kwa neno hata moja. Aliinuka tu. Hapo kila kikundi kitapata mfano wake bila kutafutiwa: nani hatukai naye, nani tunampima kwa nguo, kwa hereni, kwa kadi ya zaka isiyojazwa. Wakolosai 2:21, "Msishike, msionje, msiguse", ifuate papo hapo.

Kuna upande wa pili nao una shimo. Mara kwa mara kikundi kikimaliza sura ya 4 hutokea atakayesema ibada, kwaresima na utaratibu wa kanisa vyote ni Ufarisayo. Pemba jambo hili lina historia ya kuvutia: Marafiki (Waquaker) walioanza kazi Banani mwaka 1897 huabudu bila maji ya ubatizo wala meza ya Bwana, kwa kukaa kimya wakimsubiri Roho. Ni watu wa kuheshimiwa sana. Lakini hata kimya chaweza kuwa sharti, na uvumba waweza kuwa wa kweli. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi 1924, alipenda misa yenye taratibu zote, na mwaka 1923 huko London aliwaambia wenzake waliozipenda vilevile kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika tabernakulo, sanduku la Ekaristi kanisani, kama hawamhurumii Yesu katika mitaa ya mafukara. Maneno hayo ni ya askofu wa kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Wagalatia 5:6, "imani itendayo kazi kwa upendo", isomwe kwa mwanga huo, na Yakobo 2:17 ikae kando yake.

Kuhusu simu: programu za Biblia zina tafsiri zote mbili, na kuziweka sambamba kwenye kioo ni rahisi kuliko kubeba vitabu viwili. Lakini baadhi huhesabu siku mfululizo ulizosoma na kukupa alama. Kwa somo hili hiyo ni sumu. Mtu hufungua saa tano na dakika hamsini usiku asome aya moja asipoteze hesabu yake. Zima hesabu hiyo ikiwezekana, au tumia karatasi.

Na karatasi yenyewe ichaguliwe kwa macho mawili. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu, na vitabu vya Biblia vina karatasi nyembamba. Fungua katikati, karibu na Zaburi, uangalie mshono: ukiona nyuzi kimeshonwa, usipoona hata ukigeuza kurasa kadhaa ni gundi tupu, na gundi hulegea kwa joto mpaka Mwanzo ikaanza kutoka kurasa kwa kurasa. Jalada la ngozi bandia hubanduka maganda baada ya misimu michache. Zipu ya chuma hushika kutu, hasa kwa anayevuka na boti kila mara, basi chukua ya plastiki au isiyo na zipu kabisa. Jalada gumu la kawaida ndilo linalodumu. Usiifungie Biblia ndani ya mfuko wa nailoni, itatoa ukungu. Iache kwenye rafu inayopita upepo, mbali na ukuta. Maandishi ya toleo la mfukoni ni madogo mno kwa vikao vya jioni, umeme ukikatika hayasomeki kwa taa ya chemli.

Kabla ya kulipa soma ukurasa wa mwanzo. Kuna Union Version ya zamani na iliyorekebishwa, na wanakikundi wakichanganya watapoteza muda kushangaa kwa nini aya hazilingani. Kama kuna Wakatoliki wa kanisa la Minara Miwili katika kikundi, tafuteni Habari Njema yenye vitabu vya Deuterokanoni, vile vilivyomo katika Biblia yao na visivyomo katika Biblia nyingi za Kiprotestanti, vinginevyo mtu atajiona ameachwa nje ya meza kabla ya somo la Petro. Habari Njema ina utangulizi wa kila kitabu, nao ni mzuri. Vichwa vidogo vya habari kati ya aya ni vya watafsiri, mitume hawakuviandika, visisomwe kwa sauti. Itifaki ya Biblia, yaani faharasa ya maneno yake, kwa kiongozi ni ununuzi wa kweli: humwonyesha "moyo" umetajwa wapi, na ndivyo atakavyofika Ezekieli 36:26, moyo wa jiwe na moyo wa nyama.

Mwenye fedha ya kitabu kimoja tu anunue Union Version ya jalada gumu na maandishi makubwa, kisha aazime Habari Njema kwa juma la kwanza. Kikundi cha Wete au Chake kinachoagiza Dar es Salaam kiagize mapema kabla ya Kwaresima, nakala moja ya Habari Njema kwa kila watu wawili. Kusoma wawili kwenye kitabu kimoja kunafaa kwa somo hili, maana mmoja hushika ukurasa na mwingine hulazimika kungoja.